Liganga: safari ya fundi mageti kwenda kuliona jiwe

Jumapili, 7 Julai 2024. Dar es Salaam

Nimerudi kutoka Sabasaba miguu imevimba. Kilichonipeleka ni bei za mashine za kuchomelea. Nilichorudi nacho kichwani ni jiwe. Kwenye banda moja la mambo ya madini waliweka mezani bonge jeusi, halizidi ngumi mbili, na kibao kidogo: chuma, Liganga, Ludewa. Nikalinyanyua, mkono ukashuka. Mimi nashika chuma kila siku ya Mungu na uzito wake naujua, ila sikuutegemea kwenye jiwe. Kijana wa banda akatoa sumaku mfukoni akaibandika. Iling'ang'ania hadi akaitoa kwa kucha.

Nina miaka 19 nachomelea mageti na madirisha Buguruni. Nondo ninazonunua zinatoka viwanda vya hapa hapa, lakini viwanda vyenyewe huyeyusha chuma chakavu, au hupitisha kwenye mashine vipande vilivyokuja kwa meli. Skwea paipu na bati ndiyo usiseme. Springi za lori lililopinduka Chalinze, mabaki ya jiko la bibi wa watu, sufuria la shule: vyote bila shaka nimeshavichomelea upya bila kujua. Chuma kilichotoka moja kwa moja kwenye ardhi ya nchi hii, kwa ninavyojua, hakijawahi kupita kwenye moto wangu. Na mama yangu ni Mpangwa wa Mlangali, wilaya hiyo hiyo ya Ludewa.

"Liganga na Mchuchuma." Majina haya mawili, la kwanza la chuma na la pili la makaa ya mawe, nimeyasikia redioni tangu navaa kaptula, yakitajwa kwa pumzi moja kama Kulwa na Doto. Kesho naondoka. Kijana wangu wa kazi anabaki na karakana. Nimemkataza kupokea oda ya geti la umeme.

Jumatatu, 8 Julai. Dar hadi Iringa

Nimepanda treni ya umeme mpaka Morogoro, nauli 13,000. Haijatimiza mwezi tangu ianze kubeba abiria, na watu bado wanapiga picha viti. Mimi nilikaa dirishani nikipiga hesabu za chuma, ugonjwa wa kazi. Reli ya aina hii ina kilo 60 kwa kila mita. Njia ina reli mbili, kwa hiyo kilometa moja ni tani 120. Dar hadi Morogoro ni kama kilometa 205: zaidi ya tani elfu 24, bila kuhesabu njia za kupishania, nguzo, wala nondo zilizolala ndani ya zege la madaraja. Mkandarasi Mturuki, vichwa vya treni kutoka Korea Kusini, na reli yenyewe ilipita bandarini kama mgeni mwingine yeyote.

Msamvu nikabadilisha, nikaingia basi la Iringa. Mikumi tulitembea polepole kwa ajili ya wanyama. Pundamilia walikuwa wametulia pembeni kama abiria wanaosubiri gari. Kilichonishika zaidi ni malori. Yanateremka kutoka Zambia na Kongo, kila moja limebeba mafungu machache tu ya vibao vyekundu vilivyofungwa mikanda ya chuma, kiasi kwamba mtu asiyejua atadhani dereva amebeba nusu mzigo. Ile ni shaba. Mafungu yanaonekana machache kwa sababu ni mazito, na ni mazito kwa sababu mawe, udongo na takataka vimeshaachwa huko huko. Lubumbashi ilimimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Wakoloni wa Kibelgiji hawakufanya vile kwa huruma: kusafirisha udongo kutoka katikati ya Afrika hadi baharini ni hasara, hivyo tanuru lililazimika kulifuata jiwe.

Wenzetu wa madini wana neno zuri la kazi hii, kuchenjua. Unachenjua jiwe mpaka libaki lile linalotakiwa. Kuanzia Morogoro nilikuwa nikilirudia kichwani kama jina la mtu.

Kitonga lori moja lilizima katikati ya kona, tukakaa saa moja na nusu tukila mahindi ya kuchoma. Iringa tumeingia usiku. Baridi ya hapa haina masihara.

Jumanne, 9 Julai. Iringa hadi Njombe

Siku fupi ya mwendo, ndefu ya mawazo. Makambako niliwaambia wenzangu wa kwenye Noah wanipe dakika kumi, wakanipa tano, nikakimbia kuitazama stesheni ya TAZARA. Hapa ndipo reli ya Zambia inapokutana na barabara kuu. Behewa moja la mizigo lilikuwa limesimama, nyasi zimelifikia magurudumuni.

Serikali tatu, Tanzania, Zambia na China, zilitia saini mkataba wa reli hii Beijing mwezi Septemba 1967. China ikatoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, na 1976 reli yote ya kilometa 1,860 ikakabidhiwa. Wazee wa Makambako wanawakumbuka Wachina waliokaa kambini na kulima mboga zao wenyewe. Reli zililetwa kwa meli mpaka Dar, zikapandishwa mpaka hapa, mwendo wa siku moja tu kwa gari kutoka kwenye mlima wa chuma. Usinielewe vibaya, sisemi wangesubiri. Zambia ilikuwa imebanwa, shaba yake ilikuwa inapitia kwa majirani wasioitakia mema. Ila kama fundi, nilipoiangalia ile reli kuukuu nilijisikia kama mtu anayekuta nyumba ya jirani wa kisima inanunua maji ya madumu.

Kuna jambo lingine la mwaka ule wa 1970, nalijua kwa sababu ya mteja. Miaka miwili iliyopita nilimtengenezea geti mhandisi mmoja aliyesomea uchenjuaji wa madini China, kwa ufadhili wa serikali yao. Alinilipa kwa awamu tatu, na kila awamu alikuja na darasa. Akaniambia katika jimbo la Sichuan kuna mji unaitwa Panzhihua, na mawe yake ni ndugu wa mawe ya Liganga: chuma cha sumaku kilichochanganyika na metali nyingine mbili, titaniamu na vanadiamu. Wataalamu wa nje walikuwa wakiamini mawe ya namna hiyo hayafai kwenye tanuru la kawaida. Wachina wakakaa nayo, wakachoma, wakakosea, wakachoma tena, na mwezi Julai 1970 Panzhihua ikamimina chuma chake cha kwanza. Miezi mitatu baadaye ndipo jembe la kwanza la TAZARA likapigwa ardhini.

Kwa hiyo waliokuja kutujengea reli walitoka kwenye nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imelishinda jiwe la aina ya letu.

Njombe saa kumi na moja jioni. Ukungu, harufu ya mbao, parachichi kila kona. Mama wa nyumba ya wageni alinisalimu "Kamwene," nikaitikia kwa kigugumizi, akanicheka: "Huyu wa Pwani kabisa."

Jumatano, 10 Julai. Njombe hadi Mlangali

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Dereva alimwagia kioo maji ya moto.

Kutoka njia panda ya Itoni barabara inakata kuelekea Ludewa. Yote mpaka Manda, ziwani, ni kilometa 211, na kati ya Lusitu na Mawengi kuna kilometa 50 za zege tupu. Lami haikupewa nafasi pale: milima imesimama, mvua ni nyingi, na waliopanga walikuwa wanawaza malori mazito ya makaa na chuma. Nilimwomba dereva asimame nikashuka kuipiga teke. Abiria mmoja akauliza kama mimi ni mkaguzi. Kumbe wenyeji wameshaizoea. Mimi natoka mjini ambako barabara ya mtaa wangu ni mashimo, na hapa katikati ya misitu ya misindano kuna barabara inayoweza kupitisha kifaru. Barabara imetangulia, mzigo bado.

Mjomba alinisubiri Mlangali, koti la jeshi na kofia ya sufu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umenenepa. Chuma kinalipa?"

Chakula kilikuwa ugali, maharage na viazi, vyote sahani moja, na moto katikati. Baada ya kula mjomba aliingia chumbani akatoka na kitu kilichofungwa kwenye gunia. Jembe. Pana, lenye umbo la jani, na mkia uliochongoka wa kupenyeza kwenye mpini. Nikalipeleka kwenye taa. Halina alama ya kiwanda. Uso wake una mawimbi ya nyundo, na sehemu moja bado kuna punje nyeusi kama kioo zilizong'ang'ania: mavi ya chuma, ambayo mhunzi hakuyamaliza kuyapigapiga yakatoka.

Wapangwa walikuwa wahunzi wenye sifa nyanda hizi zote. Majembe yao yaliwafikia Wabena na Wakinga, yakashuka hadi kwa Wakisi wa ziwani wanaofinyanga vyungu. Hili alilolishika mjomba lilikuwa la mahari. Bibi mzaa bibi yangu aliolewa kwa majembe. Mangapi, inategemea ni nani anayesimulia na amekasirikia upande gani wa ukoo.

"Tanuru walijenga kwa udongo wa kichuguu," mjomba akasema, "na viriba vya ngozi vya kupulizia moto. Watu wanavuta na kuimba usiku kucha. Mwanamume akitoka kwa mkewe siku hiyo haruhusiwi kusogea."

Ukitoa hilo la mwisho, kazi naielewa. Wahunzi hawakukiyeyusha chuma kikawa maji. Mkaa wa miti uliinyang'anya mbale, yaani jiwe lenye chuma, oksijeni yake, chuma kikabaki bonge laini lenye matundu, wakalipiga nyundo likiwa jekundu mpaka uchafu ukachuruzika. Kisha yakaja majembe ya Ulaya, mepesi na ya bei ndogo, na matanuru yakapoa. Vita vya Maji Maji navyo vilipita huku, na njaa iliyofuata haikumwachia mtu nguvu ya kuvuta viriba.

Alhamisi, 11 Julai. Liganga

Tumetoka alfajiri, mimi na mjomba kwenye bodaboda mbili. Njia panda ya Mkiu tukaiacha zege, tukashika vumbi kuelekea Mundindi. Vumbi jekundu, halafu la kahawia, halafu, karibu na kufika, vijiwe vyeusi barabarani vinavyong'aa kama vimepakwa grisi. Tulianzia ofisi ya kijiji kusaini kitabu na kueleza shida yetu. Nilisema ukweli: nimekuja kuliona jiwe. Mtendaji akatucheka kwa upole, akatupa kijana wa kutuongoza.

Nilidhani nitaona mgodi. Hakuna mgodi. Kuna mlima wenye majani mafupi, mbuzi, upepo, na mawe meusi yaliyotokeza juu ya ardhi kama migongo ya viboko. Nilibeba sumaku ya spika mbovu. Nikaipeleka kwenye jiwe la kwanza, ikaruka mkononi mwangu kabla haijafika, ta! Kijana akasema watalii wote hufanya hivyo. Nikawasha dira ya kwenye simu: mshale ukazunguka, ukasimama, ukageuka tena, kaskazini ikawa popote.

"Liganga maana yake jiwe," mjomba akasema. "Wazee hawakuhangaika kutafuta jina."

Tukakaa juu ya mgongo mmoja wa kiboko tukala viazi vya kuchemsha, na pale ndipo nilipompa mjomba darasa la mhandisi wangu.

Chini yetu, kwa hesabu ya sehemu iliyopimwa, kuna tani milioni 126 za mawe haya. Takribani nusu ya uzito ni chuma. Ndani yake kuna oksidi ya titaniamu, zaidi ya sehemu kumi kwa mia, na vanadiamu kidogo. Sasa chukua tanuru kubwa la kawaida. Unaweka mawe, makaa na chokaa, unapuliza hewa ya moto. Chuma kinayeyuka kinatulia chini. Takataka, yale mavi ya chuma, zinaelea juu, nazo lazima ziwe nyepesi kama uji ili zifunguliwe zitoke. Titaniamu ikizidi, uji unageuka ugali. Ukiendelea kuchochea, unakuwa ukoko. Tanuru linaziba, na tanuru lililoziba likiwa na moto ndani halizibuliwi kwa mti.

Mjomba akatikisa kichwa. Ugali ulioungua anaujua.

Dawa zipo. Panzhihua walijifunza kuchanganya mawe na kuupanga moto wao. Afrika Kusini, kule Witbank, kiwanda cha Highveld kilipitisha mawe ya namna hii kwanza kwenye tanuru refu linalozunguka, makaa yanakula oksijeni, kisha kikamalizia kwenye tanuru la umeme. Kilifanya kazi miongo mingi, kikafilisika 2015 bei ya chuma duniani ilipoporomoka. New Zealand wanachenjua mchanga mweusi wa pwani yao kwa njia inayofanana na hiyo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikwambia jiwe la Liganga haliyeyuki, anakudanganya. Linayeyuka, ila linadai umeme mwingi, makaa karibu, na watu waliokwishaungua vidole nalo.

Ndiyo maana mkataba wa 2011 ulikuwa na mantiki. Mwezi Septemba mwaka huo Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilisaini na kampuni ya Sichuan Hongda, ya jimbo lile lile la Panzhihua. Wakaunda kampuni ya pamoja, Wachina asilimia 80, Tanzania 20. Dola bilioni tatu. Makaa yachimbwe Mchuchuma, yazalishe megawati 600. 250 zije hapa kwenye kiwanda, zilizobaki ziingie gridi ya taifa. Kiwanda kitoe tani milioni moja za chuma kwa mwaka. Kwenye karatasi ule ulikuwa mpango uliokamilika: jiwe, moto, umeme, na mtu wa jimbo lenye ujuzi wa jiwe ndugu yake.

Halafu yakaja mazungumzo. Umeme utauzwa kwa TANESCO bei gani? Msamaha wa kodi uishie wapi? Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria za kulinda utajiri wa asili na kuruhusu mikataba yenye masharti mabaya kufumuliwa, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye kampuni za uchimbaji. Mwekezaji akasema vivutio alivyoahidiwa avipate; serikali ikasema kwanza tujue ndani ya jiwe kuna nini. Na hapa ndipo mimi, fundi wa mageti, nasimama na serikali. Ukisaini mkataba wa chuma, halafu mwenzako akaondoka na titaniamu na vanadiamu kama takataka za tanuru, umeuza ng'ombe kwa bei ya ngozi. Vanadiamu kidogo sana, hata sehemu moja kwa elfu, inaipa nondo nguvu ya kubeba ghorofa. Na titaniamu ndiyo weupe wa rangi nyeupe. Kila geti jeupe nililowahi kupaka lilikuwa na unga wake, umetoka ng'ambo kwenye kopo, na kumbe weupe huo umelala ndani ya jiwe jeusi nililokalia.

Lakini siwezi kusimama na serikali siku nzima. Miaka 13 ni mingi.

"Mtoto aliyezaliwa siku ya kusaini yuko darasa la saba," mjomba akasema. Akatema ganda la kiazi. "Posa ilikuwa rahisi, mjomba. Mahari ndiyo imewashinda. Zamani mahari ilikuwa chuma, sasa chuma chenyewe ndicho bibi harusi."

Kijana wetu alituonyesha kwa kidole mashamba ambayo wenyewe waliambiwa wasiendeleze. Mwaka jana fidia ya shilingi bilioni 15.4 ilianza kulipwa kwa watu 1,142 wa Liganga na Mchuchuma. Baba yake ni mmoja wao. Amenunua bati, akaezeka upya. Nikamuuliza bati gani. Geji 28, akasema kwa fahari, la rangi. Nikanyamaza, sikutaka kumwambia bati hilo limevuka bahari ngapi kufika mlimani hapa.

Kabla ya kushuka niliokota kipande kidogo, kama cha kuwekea mlango. Kijana akasema hapana: mawe hayaondoki bila kibali. Nikalirudisha pale pale, tumbo chini, kama nilivyolikuta. Mjomba alitafuta maneno ya kunitania njia nzima.

Ijumaa, 12 Julai. Ludewa mjini na Mchuchuma

Mgongo umekufa kwa bodaboda. Nimelala Ludewa mjini, mjomba amerudi kwake. Nimeswali Ijumaa hapa; hatukujaza safu mbili.

Mchuchuma, upande wa Nkomang'ombe, kuna joto. Umeshuka kutoka baridi ya Mlangali unavua koti, unavua sweta, unabaki unashangaa kama ni wilaya ile ile. Makaa yanaonekana kwenye kingo za makorongo, mkanda mweusi kati ya matabaka ya udongo, kama krimu kwenye biskuti. Yaliyopimwa ni tani milioni 428. Nikasugua kidole, kikawa cheusi, nikakumbuka darasa: makaa haya ndiyo pacha wa lile jiwe, na kilichowatenganisha ni waya wa umeme ambao haujavutwa.

Cha ajabu makaa ya majirani yanatembea. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, malori ya makaa ya Ngaka, huko Mbinga, yalijipanga kuelekea bandari ya Mtwara, na meli zikawa zinapakia kwenda nje. Makaa hayana ubishi, unayachimba na kuyauza kama yalivyo. Chuma cha Liganga kingeweza kuuzwa hivyo hivyo kwa tani, mlima ukasagwa ukapelekwa kwa watu wenye matanuru yao. Nilipokuwa Buguruni nilikuwa nadhani hilo lingekuwa bora kuliko kukaa bure. Leo, nikiwa nimeona malori ya shaba Jumatatu na jembe la mahari Jumatano, sitaki tena.

Jumamosi, 13 Julai. Manda, Ziwa Nyasa

Barabara iliishia majini, kama walivyosema. Maji ya buluu, milima ya Livingstone imesimama upande wa kaskazini, na wanawake wanaanika usipa kwenye vichanja. Nimekula mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, nikaomba mwingine.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa anashona wavu. Tukazungumza habari za meli. Zipo mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, zimeundwa Itungi, Kyela, kwa bati nene za chuma. Akasema akiziona zikipita nazo ni nzuri. Ng'ambo ni Malawi, na mpaka wenyewe ndani ya maji haya serikali mbili hazijakubaliana: wenzetu wanashika karatasi waliyoandikiana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, wakidai ziwa lote mpaka kwenye vidole vyetu vya miguu. Hata hivyo ni Malawi hao hao, pamoja na Msumbiji na Zambia, waliotia saini nasi mwaka 2004, Lilongwe, kuendeleza ukanda wa Mtwara: bandari, barabara, na reli inayochorwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ikiwa na matawi ya kupanda Liganga na Mchuchuma. Mzee aliposikia reli aliinua macho kidogo.

"Hiyo reli ya chuma cha wapi?"

Nikamwambia sijui, labda cha hapo juu. Akarudi kwenye wavu wake.

Jua lilipoanza kuzama upande wa Malawi nilivua viatu nikatembea ufukweni. Ile sumaku ya spika ilikuwa bado mfukoni, inavuta funguo. Nikaifunga kamba, nikaiburuta mchangani kama mtoto anavyoburuta gari la kopo. Hatua ishirini hivi. Nilipoiinua ilikuwa imeota ndevu, punje nyeusi nyembamba zimesimama wima, zinacheza nikipuliza. Mito inazileta kutoka milimani, kidogo kidogo, bila mkataba.

Nikajaribu kuzifuta kwenye suruali. Zimebaki huko kwenye kitambaa. Basi la Njombe linaondoka saa kumi alfajiri, na kijana amepiga simu: ameshapokea oda ya geti la umeme.